Wazee waliozaliwa kijijini kabla kijiji hakijakuwepo: kisa cha kuhesabu wazaliwa wa nje mpakani Kigoma

Usuli

Kisa hiki kinatoka kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma, mpakani na Burundi. Jina la kijiji, la wilaya na la taasisi iliyofanya utafiti nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nimekiandika kwa ajili ya wadadisi, wasimamizi na maofisa mipango ambao kesho au keshokutwa watapewa kishikwambi chenye swali la "umezaliwa wapi?" na kudhani ni swali jepesi.

Utafiti ulifanyika baada ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Kati yao 2,470,967 walikuwa Kigoma, kutoka 2,127,930 mwaka 2012. Idadi ya jumla halmashauri ilikuwa nayo. Ilichokosa ni undani: ni wangapi katika vijiji vya mpakani wamezaliwa nje ya nchi, walikuja lini, ni wa umri gani, wake kwa waume. Ilitaka kupanga kliniki ya mama na mtoto na madarasa ya awali, na viongozi wake walikuwa wanaamini kwamba wanaoongeza msongamano ni vijana wanaoingia kila mwaka. Taasisi ya utafiti ikakubali kufanya utafiti wa kaya kwa sampuli katika vijiji kadhaa, hiki kikiwa kimojawapo.

Asiyeijua historia ya eneo hili hataelewa kilichofuata. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta watu wengi Tanzania. Waliopelekwa kwenye makazi rasmi walikwenda Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Watu wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu baadaye walipewa uraia wa tajnisi, yaani ule anaouomba mgeni. Lakini wapo maelfu ambao hawakuingia kwenye makazi yale. Walijikalia wenyewe katika vijiji vya Kigoma, wakapewa mashamba na wenyeji wao, wakaoa na kuolewa, wakazika wazazi wao hapa. Mwaka 1996 wakaja Wakongo kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walifurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikawakuta hapo ufukweni, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini Kigoma kabla ya safari ya kambini.

Hao ni wale waliokimbia vita. Tukiwahesabu hao peke yao tunasahau maisha ya kawaida ya mpakani. Kiha, lugha ya Waha wenyeji wa Kigoma, na Kirundi husikilizana. Mtu huenda mnadani ng'ambo asubuhi akarudi jioni. Msichana huolewa upande wa pili kama ambavyo kwingine angeolewa kata ya jirani. Na kuna kumbukumbu ya Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Kwa mtu wa kijiji hiki, mgeni mwenye daftari anayeuliza asili ya watu ni mgeni wa kuogopwa.

Kambi za wakimbizi hazikuwa ndani ya sampuli. Wakimbizi wa kambini, waliokuwa zaidi ya 200,000 nchini mwaka wa sensa, wana usajili wao wenyewe. Utafiti ulihusu vijiji tu.

Dodoso lilivyopangwa

Dodoso la kwanza lilianza, baada ya jina na umri, na uraia. Kisha likauliza mahali pa kuzaliwa, halafu mwaka wa kuingia nchini kwa aliyezaliwa nje. Majibu yalitolewa na mkuu wa kaya kwa niaba ya wote. Wadadisi waliongozana na mwenyekiti wa kitongoji kutoka nyumba hadi nyumba, kama ilivyo desturi ya tafiti nyingi vijijini, na mwenyekiti alikaa kwenye mkeka au benchi hadi mahojiano yaishe.

Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na sababu yake nzuri. Uraia uliwekwa mbele kwa kuwa ndio halmashauri iliouulizia zaidi. Mkuu wa kaya alitosha kwa sababu ya muda. Mwenyekiti alikuwepo kwa ajili ya usalama na heshima, maana huingii kitongoji cha watu bila mwenyeji. Lakini vitu hivyo vitatu vilipokutana kwenye ua mmoja, vilifanya jibu la kweli kuwa gumu kulitamka.

Wiki ya kwanza

Takwimu zilikuja safi mno. Karibu kila mtu alikuwa Mtanzania, na karibu kila mtu alizaliwa hapo hapo kijijini. Mdadisi mmoja alifurahi kwa jinsi mahojiano yalivyokwenda haraka.

Aliyeshtuka ni msimamizi wa takwimu, binti aliyekuwa akipitia majibu kila usiku kwenye nyumba ya wageni. Alipanga majibu kwa umri, akaona wazee wengi wa miaka sabini na kuendelea wameandikwa kuwa wamezaliwa katika kijiji hiki. Kumbukumbu za ofisi ya kijiji zilionyesha kwamba kijiji kilianzishwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo palikuwa msitu na nyumba za hapa na pale. Wazee wote wale wasingeweza kuzaliwa hapo. Baadhi yao bila shaka ni Waha waliozaliwa milima ya jirani wakahamishiwa kijijini, na kwao "hapa" ni jibu la haki kabisa, wakimaanisha nchi yao hii. Lakini uhakiki ule ulitosha kuonyesha kwamba neno "hapa" lilikuwa linafunika mambo mengi tofauti.

Akaendelea kuchimba, akakuta mengine mawili.

La kwanza lilihusu Kongo. Wachache walioandikwa kuwa wamezaliwa nje, upande wa Kongo, walikuwa wamesajiliwa chini ya namba 178. Katika orodha ya namba za nchi inayotumiwa na Umoja wa Mataifa, 178 ni Kongo ya Brazzaville. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni 180. Orodha ya kwenye kishikwambi ilipangwa kwa alfabeti, "Kongo" ikatokea kwanza, na wadadisi wakaibonyeza. Watu wa Uvira, Fizi na Kalemie, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, wakageuka kuwa watu wa Atlantiki. Kosa la kidole namna hii halionekani kijijini. Likifika kwenye jedwali la taifa, nchi moja hupoteza watu wake na nyingine hupata wasio wake.

La pili lilihusu watoto. Mama mmoja aliyewahi kuishi Nyarugusu kabla ya kuolewa kijijini alikuwa na watoto waliozaliwa kambini. Mdadisi aliandika nchi ya kuzaliwa ya watoto: Burundi. Alipoulizwa, alisema mama yao ni Mrundi. Lakini Nyarugusu iko Kasulu, na Kasulu iko Tanzania. Uraia wa mtoto huyo ni suala la sheria linalosubiri swali lake lenyewe. Mahali alipozaliwa ni pale alipozaliwa.

Maamuzi

Timu ilisimamisha kazi ya mtaani kwa muda na kukaa kikao. Nimesoma daftari za kikao hicho na kuongea na waliokuwepo. Naamini uamuzi wa kusimama ulikuwa mgumu kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu posho zilikuwa zinahesabiwa kwa siku na ofisi ya juu ilitaka kaya zikamilike.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutofuta data ya wiki ya kwanza. Ilitiwa alama na kuhifadhiwa kando, ili baadaye ilinganishwe na majibu mapya ya kaya zile zile.

Wa pili ulikuwa kupindua mpangilio. Mahali pa kuzaliwa pakaja kwanza, uraia ukapelekwa mwisho kabisa, baada ya maswali ya maji, shamba na shule. Sababu ni ya kibinadamu. Mtu akishasema "mimi ni Mtanzania" mbele ya watu, atalinda kauli hiyo katika kila jibu linalofuata, hata pale ambapo halipingani nayo. Kuzaliwa Burundi hakumzuii mtu kuwa Mtanzania, lakini kwa mhojiwa mwenye hofu maswali haya mawili yakipangwa pamoja yanakuwa swali moja.

Uamuzi wa tatu ndio uliobadilisha kazi. Badala ya "umezaliwa wapi?" peke yake, wadadisi waliuliza kwanza: mama yako alikuwa anaishi wapi wakati anakuzaa? Mjadala hapa ulikuwa mkali. Mwanamke wa kijijini aliyepatwa na uchungu akiwa kwa dada yake ng'ambo, akajifungua huko na kurudi na mtoto baada ya siku chache, mtoto wake ni mzaliwa wa nje? Ukihesabu kwa mahali penyewe, ndiyo. Ukihesabu kwa makazi ya kawaida ya mama, hapana. Sensa za Umoja wa Ulaya hutumia makazi ya kawaida ya mama wakati wa kujifungua, na pale taarifa hiyo inapokosekana ndipo hutumia mahali penyewe pa kuzaliwa. Timu ikaamua kuuliza yote mawili na kuyaandika tofauti, ili mchambuzi aweze kuchagua na aseme amechagua nini.

Uamuzi wa nne ulimhusu mwenyekiti wa kitongoji. Angefika na mdadisi, amtambulishe, wasalimiane, salamu za Kiha zisikatizwe, kisha aage. Wenyeviti wawili walilichukulia kama dharau. Msimamizi mkuu alikwenda kwao nyumbani kueleza, akawaambia wazi kwamba watu wao wanaweza kuwaheshimu na bado wakashindwa kusema kila kitu mbele yao. Mmoja alikubali. Mwingine alikubali kwa shingo upande.

Na timu iliamua kutogusa vitambulisho. Hakuna mdadisi atakayeomba kuona kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa wala kadi yoyote, hata mhojiwa akijitolea kuonyesha. Kwenye swali la uraia ziliwekwa njia zote za kisheria, yaani kuzaliwa, kurithi na tajnisi, pamoja na uraia wa nchi nyingine, hajui, na hapendi kujibu. Orodha ya nchi nayo ikarekebishwa: "Kongo (Kinshasa), zamani Zaire" ikapanda juu, na Burundi ikaandikwa kuwa ni pamoja na Urundi ya kabla ya 1962. Mahali pa kuzaliwa huandikwa kwa mipaka ya leo, na mzee wa kijijini hapaswi kubebeshwa kazi ya kuitafsiri mipaka ya wakoloni.

Raundi ya pili

Mdadisi mmoja, mwanamke wa makamo anayekijua Kiha, alirudi kwa bibi ambaye wiki iliyotangulia aliandikwa mzaliwa wa kijijini. Bibi alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo. Safari hii mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umerudi? Yale ya juzi hayakutosha?"

"Yalitosha bibi, tunaongeza machache. Mama yako alipokuzaa, alikuwa anaishi wapi?"

Bibi aliendelea kupepeta. "Mama alikuwa Makamba. Sote ni wa Makamba."

"Na huku ulikuja lini?"

"Mwaka wa vita. Huyu mkubwa wangu ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, nilivuka naye mgongoni."

Makamba iko Burundi. Kwenye orodha ya kaya, mwanawe mkubwa alizaliwa 1971. Mdadisi akaandika 1972. Bibi hakutaja mwaka wowote kwa namba, na hakuhitaji kutaja. Kalenda ya matukio, ambayo makarani wa sensa zetu wameitumia tangu zamani kukadiria umri wa wazee, ilifanya kazi ile ile kwa mwaka wa kuingia nchini. Vita, njaa, mafuriko, mtoto fulani alikuwa wa ukubwa gani: hapo ndipo miaka ya watu ilipo.

Alipofika kwenye uraia, mwishoni, bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika sijui." Mdadisi akaandika hajui, akashukuru, akanyanyuka. Jibu hilo lina thamani kubwa kwa mtu anayejua historia ya waliojikalia vijijini, kwa sababu mara nyingi ndilo jibu sahihi.

Matokeo

Raundi ya pili ilipandisha idadi ya wazaliwa wa nje mara kadhaa. Kilichowashangaza halmashauri ni sura ya idadi yenyewe. Kundi kubwa lilikuwa la wazee wa 1972, watu waliokaa nchini zaidi ya nusu karne. Kundi la pili lilikuwa la wanawake walioolewa kutoka ng'ambo, wa rika zote. Vijana wapya waliodhaniwa kuwa ndio wengi hawakuonekana kwa wingi kwenye kaya. Msongamano wa kliniki ulitokana zaidi na vizazi vya hapa hapa na wake walioolewa hapa hapa, na mpango wa kliniki ukaandikwa upya kwa msingi huo.

Baada ya taarifa ya awali kusomwa, kiongozi mmoja wa eneo aliomba orodha ya majina ya waliosema wamezaliwa nje. Aliomba kwa upole, kwa maelezo kwamba inahitajika kwa mipango. Timu ilikataa. Sheria ya Takwimu, Sura 351, hairuhusu taarifa za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu zitolewe namna hiyo, na majina yalikwishatenganishwa na majibu kila usiku data ilipopakiwa. Hata jedwali la kijiji halikutolewa. Katika kijiji ambacho wanawake wachache wanajulikana na kila mtu kuwa walitoka Burundi, jedwali la "wanawake, miaka 30 hadi 34, mzaliwa wa Burundi" ni sawa na jina. Takwimu zilitolewa kwa kuunganisha vijiji vyote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni swali la mama pamoja na kuusogeza uraia mwisho. Walipolinganisha majibu ya raundi mbili kwa kaya zile zile, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa wazee, hasa pale ambapo mwenyekiti hakuwepo. Sina njia ya kutenganisha kwa uhakika mchango wa mwenyekiti kuondoka na mchango wa swali jipya, maana vilibadilishwa pamoja. Anayetaka kujua hilo angebadilisha kimoja katika nusu ya kaya na kingine katika nusu nyingine. Muda haukuwepo.

Uamuzi wa kutoomba vitambulisho ulilipa haraka. Habari ilisambaa kisimani kwamba "hawa hawaangalii kadi," na kaya zilizokuwa zimefunga milango wiki ya kwanza zikafungua.

Njia ya "hapendi kujibu" ilileta ugumu wake. Mdadisi mmoja aliitumia mara nyingi kuliko wenzake wote, na mahojiano ya marudio yalionyesha kwamba baadhi ya wahojiwa wake hawakuulizwa kabisa. Njia hiyo inapaswa kubaki, kwa sababu inamlinda mhojiwa, lakini msimamizi aipitie kila siku kwa jina la mdadisi.

Kumtegemea mkuu wa kaya ndiko kulikoshindwa wazi. Wanaume kadhaa waliandika wake zao kuwa wamezaliwa kijijini. Wake wenyewe, walipoulizwa katika raundi ya pili, walitaja ng'ambo bila kusita. Kwa swali la kuzaliwa, kila mtu mzima aliyepo ajibu mwenyewe.

Kubwa lililobaki bila dawa ni vibarua. Kila msimu wa kulima watu huvuka kutoka Burundi, hulima mashamba ya mahindi na maharage kwa ujira, hulala kwenye vibanda shambani, kisha hurudi. Hawakuwa kwenye orodha ya kaya, hivyo hawakuwa kwenye sampuli. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa cha mwaka 1998, mhamiaji wa muda mrefu ni aliyehamisha makazi yake ya kawaida kwa miezi 12 au zaidi, na anayekaa miezi 3 hadi chini ya 12 ni wa muda mfupi. Kibarua anayekuja kila mwaka kwa wiki kadhaa haingii popote, ingawa akiumwa malaria anatibiwa zahanati hiyo hiyo. Sensa yetu, inayomhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, inaweza kumnasa. Utafiti wa kaya hauwezi.

Wanaodhani haya ni matatizo ya nchi zisizo na kompyuta watazame kwingine. Ujerumani inategemea daftari za wakazi, na sensa yake ya 2011 ilikuta watu milioni 1.5 pungufu ya waliokadiriwa. Kati yao milioni 1.1 hivi walikuwa wageni, wengi waliokwishaondoka bila kufuta majina yao. Uingereza, kwa miaka mingi, ilikadiria uhamiaji kwa kuhoji sampuli ya abiria viwanjani na bandarini. Baada ya sensa ya 2011 ikagundua kwamba ilikuwa imepunguza ongezeko halisi la wahamiaji kwa 346,000 katika miaka kumi. Mmoja alishindwa kuona wanaotoka, mwingine wanaoingia. Kijijini kwetu mpakani, vibarua wanatupita kwa njia zote mbili.

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2024 wahamiaji wa kimataifa duniani walikuwa milioni 304. Kwa nchi nyingi makadirio hayo huanzia kwenye swali la nchi ya kuzaliwa katika sensa, na pale lisipokuwepo hutumika uraia. Kwa eneo kama hili vipimo hivyo viwili vinatoa watu tofauti kabisa. Bibi wa maharage yumo kwenye cha kwanza, na kwenye cha pili hajulikani yuko wapi.

Kwa raundi ijayo timu imependekeza orodha ya vibanda vya mashambani itengenezwe mwanzoni mwa mvua, wenye mashamba wakishirikishwa, na vibarua wahojiwe jioni wakiwa wameshamaliza kazi. Wapo wenye mashamba waliokwishasema hawataki, kwa kuogopa kwamba watu wao watasakwa. Mazungumzo nao yanaendelea.